Mtoto aende, ao abaki? Juu ya kupanda kwetu pamoja na watoto

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama hapa Baraka, wiki chache kabla ya vakansi kubwa. Yameandikwa kama yalivyosemwa, yamefupishwa kidogo tu.)

Nimepewa saa moja. Sitaimaliza yote, maana najua wengine wameacha ndagala juani, na ndege hawana adabu.

Komite iliniomba niongee juu ya jambo moja. Kila mwaka, shule zikifungwa na kiangazi kikikausha njia, familia zetu nyingi zinapanda milimani kwenda kuona kwao. Wengine wanaelekea upande wa Itombwe, wengine Minembwe, wengine vijiji vilivyo nyuma ya Fizi. Na kila mwaka swali linarudi ndani ya nyumba, usiku, watu wakiwa wamemaliza kula: huyu mtoto aende na sisi, ao abaki?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tumejipanga huku chini, kandokando ya ziwa, kwa sababu ya shule, soko na kituo cha afya. Lakini kwetu kwenyewe ni kule juu: shamba, makaburi, na bibi ambaye hakukimbia, ao alirudi mbele yetu. Baba anapotaka mtoto apande, mara mingi anataka amwonyeshe mpaka wa shamba wakati mzee anayeujua angali anapumua. Sisi tunaofanya kazi ya kusikiliza watu waliorudi tunajua kwamba kesi mingi za udongo zinaanzia pale ambapo aliyejua mpaka amekufa, na aliyebaki hajawahi kuukanyaga. Kwa hiyo sitawaambia "acheni watoto nyumbani". Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hana shamba kule.

Lakini njia ni ile mnayoijua. Inashuka kwenye korongo, inavuka mto, inapanda, halafu inashuka tena. Fasi zingine kuna daraja la miti, fasi zingine ni mawe na miguu yako mwenyewe. Mtu mzima anahesabu mito. Mtoto anahesabu mara alizoanguka.

Na kabla ya yote: kama njia haina usalama, maongezi yangu yote hayana kazi. Uliza chefu wa kijiji. Uliza wachuuzi wanaoshusha maharagwe na ng'ombe, wale walioshuka wiki hii, siyo wale wa mwezi uliopita. Wakisema "ngojeni kwanza", swali la mtoto limekwisha, na la baba pia.

Sasa twende kwenye swali lenyewe.

Mimi nikiuliza mzazi kama mtoto wake yuko tayari, jibu la kwanza ni miaka. "Nilivuka Mutambala nikiwa na miaka saba, na bidoni kichwani. Huyu ana kumi na moja, sasa shida iko wapi?" Baba, shida iko hapa: wewe ulizaliwa kando ya mto. Kabla ya kuuvuka ulikuwa umeuchungulia kutoka mgongoni mwa mama yako mara mia moja. Ulijua jiwe la kijani linateleza. Ulijua sauti ya maji yakiwa mengi, hata usiku, hata ukiwa kitandani. Hakuna aliyekufundisha kwa maneno, ndiyo maana unafikiri kila mtu anajua.

Mtoto wako alizaliwa Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, kule Kasulu katika mkoa wa Kigoma, na kuna watu waliozaliwa mle ambao leo wenyewe ni wazazi. Maji waliyoyajua yalitoka kwenye bomba. Mtoto wa kambi alijifunza kupanga mstari, kulinda ndoo, kujua saa ambayo bomba linafunguliwa. Hiyo ni akili, wala siidharau. Lakini siyo akili ya mto. Mtoto wa miaka kumi na moja aliyezaliwa kambini anaweza kujua mto kidogo kuliko mtoto wa miaka sita wa kule juu. Kwa hiyo miaka tuiache pembeni. Tutaitumia mwishoni, kwa jambo dogo.

Wengine watasema: "Wangu anajua kuogelea, kila jioni yuko ziwani." Vizuri sana, aendelee. Lakini ziwa letu, siku ya utulivu, linakungoja. Ukichoka unasimama ufukweni. Mto wa korongo haumngoji mtu. Unakuchukua kutoka hapa unakupeleka kwenye jiwe lile, na mikono yako haijui kazi yake ni ipi. Kujua kuogelea kunasaidia mtoto asipoteze akili akiingia majini. Hakumfanyi kuwa tayari.

Basi tunapima nini? Ninaona mambo matatu, na yana mpango wake: kwanza maji, halafu mtoto, halafu mikono ya watu wazima. Moja likikataa, safari ya mtoto imekataa, hata kama mawili mengine yamekubali.

Tuanze na maji.

Ndoo ya lita ishirini mnaijua kichwani: ni kilo ishirini. Meta moja ya ujazo ya maji ni kilo elfu moja, yaani tani nzima. Sasa wazia tani zinazofuatana bila kupumzika. Na kuna jambo ambalo macho hayalioni: mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mto ulioonekana "umezidi kidogo tu" unaangusha mtu aliyeuvuka jana vizuri. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi sana yanatosha kumwondoa mtu mzima miguuni. Na maji yanayofika goti la baba yanafika kiunoni kwa mtoto wa miaka mitatu ao minne. Baba anasema "ni ya gotini tu". Goti la nani?

Jambo la pili juu ya maji: mvua inayokuua siyo lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha kule juu, nyuma ya mlima, wewe huku umesimama juani. Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa hilo na mgeni. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ya milimani ilishuka na mto Mulongwe ukaingia ndani ya nyumba za Uvira. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na waliokufa walipita mia nne. Wengine kati yenu mna ndugu waliolala kule.

Na marafiki zetu wa Ulaya wasifikiri ni mambo ya nchi maskini tu. Kule Uswisi kuna watu wanaolipa pesa ili washuke makorongo ya mito kwa kamba, kwa kuruka na kuteleza, kwa furaha tu. Wanavaa kofia ngumu, nguo nzito za kuzuia baridi, na wana viongozi waliosomea kazi hiyo. Tarehe 27 Julai 1999, karibu na Interlaken, ndani ya korongo la mto unaoitwa Saxetbach, mvua kubwa ilinyesha kule juu na ukuta wa maji ukashuka. Walikufa watu 21, viongozi wakiwemo. Vifaa walikuwa navyo, na walikuwa watu wazima. Sisi tunapita na kandambili na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo tunavuka asubuhi. Mvua za milimani zinapenda mchana na jioni, hata katika kiangazi moja inaweza kupotea njia ikafika. Ukifika mtoni, simama kwanza. Angalia kama maji yamebadilika kutoka meupe kuwa ya kahawia. Angalia kama yanabeba majani na vijiti ambavyo havikuwepo. Sikiliza kama kuna mlio mzito kutoka juu, kama gari linalokuja. Kimoja tu kikionekana, rudi nyuma na upande, usikae kwenye mawe ya chini. Weka kijiti kwenye ukingo wa maji, kaa nusu saa, uangalie kama maji yamekipita. Nusu saa haijamharibia mtu safari. Na kupumzika kwa chakula kusifanyike ndani ya korongo, hata kama kivuli ni kizuri.

Sasa tuje kwa mtoto. Hapa mzazi anaweza kufanya kazi mwenyewe, nyumbani, wiki mbili ao tatu kabla ya safari, bila kumlipa mtu.

Jambo la kwanza la kupima ni neno "simama". Mtoto akiwa anakimbia, anacheza, amechangamka, mwite mara moja: "Simama!" Anasimama? Ao anamalizia kwanza hatua tatu? Kwenye njia ya korongo hatua tatu ni nyingi. Mkafanye mchezo, kila siku, na wewe pia usimame ukiambiwa. Kama baada ya wiki mbili bado neno halimshiki, huyu hayuko tayari, hata akiwa na nguvu za kubeba gunia. Kwangu mimi kipimo hiki kinapita vingine vyote.

La pili ni miguu. Panga mwende naye shambani, ao kijiji cha jirani, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, bila kumbeba. Usiangalie jinsi alivyokwenda, angalia jinsi alivyorudi. Mtoto aliyechoka hainui mguu vizuri, na mguu usioinuliwa unagonga jiwe. Halafu angalia asubuhi inayofuata. Akiamka anauliza "leo tunaenda wapi?", vizuri. Akiamka na uso wa kufa, njia ya siku mbili siyo yake mwaka huu.

La tatu ni kushuka. Watoto wetu wa huku chini wanajua kukimbia kwenye mchanga. Mpeleke kwenye mteremko wenye mawe. Anajua kugeuka, kushika kwa mikono, kutafuta fasi ya mguu kabla ya kuachilia mkono? Anakubali kukaa chini na kuteleza kwa makalio bila kuona haya? Mtoto anayeshuka mteremko kwa kukimbia kwa sababu ameshindwa kujizuia, tutamshika kwa mkono wakati wote. Huyo atahitaji mtu mzima wake peke yake.

La nne ni maji usoni. Kwenye maji ya kina kifupi, pale ambapo watu huoga na hapana mamba, na wewe ukiwa karibu naye umbali wa mkono, mwagie maji ya ghafla usoni. Mwache alale chali juu ya mikono yako. Mtoto anayekaza mwili wote, anayekushika shingo na kupiga kelele, atafanya hivyo hivyo katikati ya mto, na mtaanguka wawili. Mtoto anayepenga maji, anakohoa, kisha anakuangalia, huyo anaweza kusikia sauti yako akiwa majini.

La tano ni mdomo. Mtoto huyu anajua kusema "nasikia baridi", "naogopa", "mguu unauma", kabla hajaanza kulia? Nyumba zingine tumewafundisha watoto kunyamaza, na tulikuwa na sababu zetu. Kuna miaka ambayo mtoto aliyenyamaza aliokoa familia nzima porini. Lakini katika safari hii tunataka mtoto anayesema. Ziwa letu liko karibu meta 770 juu ya bahari, Minembwe inapita meta 2,000. Kila ukipanda meta elfu moja hewa inapoa karibu digrii sita, na maji yanaiba joto la mwili haraka sana kuliko hewa. Mwili mdogo unapoa upesi kuliko mkubwa. Mtoto aliyelowa kwanza anatetemeka, midomo inabadilika rangi, halafu vidole vinakataa kushika. Akiacha kutetemeka bila kuwa amevalishwa nguo kavu, na akaanza kuongea kama mlevi ao kusinzia, hapo ni hatari kubwa: mvue, mkaushe, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike. Kwa hiyo nguo kavu ya kila mtoto inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na haiguswi mpaka atakapolowa.

Ninaona wengine mnahesabu: "Wangu amepita manne kati ya matano." Haiendi kama mtihani wa shule, kwamba asilimia 80 ni alama nzuri. Hilo moja lililobaki ndilo mto utakalouliza.

Basi, mikono ya watu wazima. Hapa ndipo familia nyingi zinakwama, na hatupendi kupasema.

Mtoto ambaye hajafika kumi, ao yeyote aliyezaliwa mbali na mito hata akiwa na kumi na mbili, anahitaji mtu mzima mmoja kwa ajili yake wakati wa kuvuka. Hapa ndipo nilipotaka kutumia miaka. Mama aliye peke yake na watoto wanne hana watoto wanne walio tayari, hata kama kila mmoja wao ni hodari. Mikono yake ni miwili. Na dada wa miaka kumi na mbili siyo mtu mzima. Ninajua ndiye anayebeba mdogo wake nyumbani, ndiye anayempikia, lakini mtoni asibebeshwe mtoto. Mkimbebesha mmehatarisha wawili, na akinusurika peke yake atabeba jambo lile maisha yake yote.

Juu ya mtoto wa mgongoni. Mama akianguka na mtoto amefungwa kwa kitenge, mto unawachukua pamoja na mtoto hawezi kuachana na mgongo. Kwa hiyo mwenye mtoto mchanga anavuka fasi maji hayajafika goti lake mwenyewe, hana mzigo mwingine, ana fimbo, na anashikwa na watu wawili, mmoja upande wa juu wa maji na mwingine upande wa chini. Kama maji yamepita goti, mtoto wa mgongoni havuki siku ile. Hata kama upande wa pili wanaonekana, wanapunga mikono, na chakula kimeiva.

Kuvuka kwenyewe, kwa ufupi. Tafuta fasi pana, yenye kokoto ndogo, siyo fasi nyembamba: pale pembamba ndipo maji yanakwenda kasi na kina kinazidi. Angalia na chini yake kuna nini. Kama meta ishirini chini kuna maporomoko ao miti iliyoanguka ndani ya maji, tafuta fasi nyingine. Mzigo unavuka kwanza, bila mtoto. Viatu vinavyofungwa vinabaki miguuni, kandambili zinaingia kwenye mfuko. Mtu mrefu na mwenye nguvu anakaa upande wa juu, mtoto anafuata chini yake ameshikwa kwenye mkono karibu na bega, siyo kwa vidole. Mnaangalia upande maji yanakotoka, mnakwenda kwa ubavu, mguu mmoja kwa wakati mmoja.

Tafadhali, msimfunge mtoto kamba kiunoni. Ninajua inaonekana kama ulinzi. Lakini akianguka na kamba ikakaza, maji yanamkandamiza chini na hawezi kutoka. Kamba ni ya kurushiwa, na aliye chini ya mto ndiye anayeirusha. Mtu huyo awekwe pale kabla ya mtoto wa kwanza kuingia majini.

Na mfundisheni mtoto neno moja la kufanya akichukuliwa: alale chali, miguu mbele inaelekea maji yanakokwenda, asijaribu kusimama mpaka makalio yaguse chini. Mguu ukiingia kati ya mawe wakati maji yanasukuma, mtu anainama mbele na hainuki tena. Fanyeni zoezi hilo hata ndani ya nyumba juu ya mkeka, watoto watacheka, na watakumbuka.

Sasa niongee juu ya woga, kisha nikaribie mwisho.

Tunapenda kumwambia mtoto wa kiume, "Wewe ni mwanaume, usiogope." Halafu mtoto anavuka akiwa amefumba macho, kwa sababu aibu imekuwa kubwa kuliko mto. Woga wa mtoto ni habari, kama rangi ya maji ilivyo habari. Akisema "naogopa", ulize: unaogopa nini? Wakati mwingine ni kitu kidogo, kama samaki ao nyoka, mnaongea kinakwisha. Wakati mwingine ameona jambo ambalo wewe mwenye haraka hukuliona. Na yule asiyeogopa kitu chochote, anayeruka ruka juu ya mawe huku anapigiwa makofi, huyo ndiye ananinyima usingizi.

Kwa hiyo patananeni kabla ya kutoka nyumbani, watu wazima wote, mbele ya watoto: tukifika mto fulani na maji yakiwa hivi, tunarudi. Mpange na nani atakayesema neno hilo. Mkifika pale mkiwa mmechoka, mmetumia pesa ya motari, na bibi amechinja kuku, hakuna atakayekuwa na moyo wa kulisema kama halikupangwa. Aliyepewa kazi ya kusema "turudi" asichekwe baadaye, hata kama mvua haikunyesha.

Na yule anayebaki? Kubaki kusiwe adhabu. Mtoto aliyesikia habari za "kwetu" tangu akiwa kambini, halafu anaambiwa siyo mwaka huu, anaumia. Mweleze sababu kwa maneno ya kweli: "Mwaka huu mikono haitoshi," ao "tutafanya mazoezi ya kushuka, mwakani utapanda." Usimdanganye kwamba mnaenda sokoni mkamtoroka alfajiri. Mpe kazi ya safari: aandike maswali ya kumwuliza bibi, na mrudishe majibu. Mpaka wa shamba unaweza kupigwa picha na simu, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe, mzee akiongea ndani ya video. Haitoshi kama kukanyaga, lakini mtoto ana kitu cha kushika. Na familia nyingine inaweza kumleta mzee huku chini wakati wa kiangazi badala ya kupandisha watoto watano.

Angalieni pia yule mnayemwacha anabaki na nani. Binti wa miaka kumi na tatu aliyeachiwa nyumba na wadogo watatu kwa wiki mbili, hakuna mtu aliyemlinda kutoka kwa hatari, mmembadilishia hatari tu. Hapo wanachama tusaidiane: nyumba inayobaki ipokee watoto wa nyumba inayopanda, na mwaka unaofuata zibadilishane.

Nalisema na jambo hili, ingawa wazee wengine watakunja uso. Ninaona familia zinapanda na wavulana, wasichana wanabaki, hata pale ambapo msichana ana miguu na masikio kuliko kaka yake. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inaweka watoto wote, wa kike na wa kiume, katika kundi la kwanza la warithi. Kama kazi ya safari ni kujua mpaka, basi na binti aujue. Tupime miguu, masikio na mikono iliyopo, tusipime kama ni mvulana.

Kwa komite na marafiki wanaotusaidia, nina ombi moja dogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajafika miaka mitano. Sisi tunapopanga michango, tunafikiria mabati, mbegu, karo ya shule, na ni sawa. Lakini jile za kuelea za watoto, chache tu, za vipimo mbalimbali, pamoja na kamba mbili nzuri za kurusha, vinaweza kukaa kwa mweka hazina na kuazimwa na kila familia inayopanda ao inayosafiri ziwani kwa mtumbwi. Jile ya mtoto isiwe ya mtu mzima: ivalishe, ifunge, kisha mwinue kwa mabega ya jile. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa, itamtoka majini. Na anayekuja kuazima aulizwe yale matatu: maji yakoje, mtoto amepimwaje, na mikono ni mingapi. Dakika kumi za maongezi hazina bei, na labda zitafanya kazi kuliko jile yenyewe. Jile inasaidia aliyekwisha anguka, na haigeuzi maji mabaya kuwa mazuri.

Kuanzia Jumamosi ijayo, wazazi wanaotaka kuwapima watoto wao kwenye mteremko na kwenye maji ya kina kifupi waje hapa asubuhi, jua halijawa kali. Nitakuwepo pamoja na vijana wawili waliokulia kule juu, ambao wanaijua mito kwa jina. Mje na watoto, nguo kavu, na subira. Mwenye mtoto anayekataa kusimama akiambiwa "simama", aje naye kwanza.

Sasa maswali, halafu mwende mkaangalie ndagala zenu.